Ngoja Kwanza Anastaafu, Kifungu Chake Bado

Tarehe thelathini mwezi huu, Katibu wa Kamati za Vifaa vya Nyumbani na Majengo wa shirika letu la viwango anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Jina lake kamili lipo kwa afisa utumishi, na nina hakika limeandikwa vizuri. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi Mkuu, tunamwita Ngoja Kwanza, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyotuambia mara nyingi kuliko habari za asubuhi.

Mkurugenzi ameniomba niandike ukurasa mmoja kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Ameniomba mimi kwa sababu mlango wa maabara yangu unatazamana na mlango wa ofisi ya Ngoja Kwanza, na nadhani pia kwa sababu anajua nimegombana na mstaafu huyu kuliko mtu mwingine yeyote hapa. Basi sitamvika kilemba cha ukoka. Kaka yangu huyu, wa kazini si wa damu, ni msumbufu. Ukurasa mmoja hauutoshi usumbufu wake, kwa hiyo wenye haraka waendelee tu na soda zao.

Kwa wageni wetu, hasa wale wa upande wa familia ambao miaka yote hawajaelewa tunauza nini, nieleze kidogo. Hatuuzi kitu. Kazi yetu ni kukubaliana jinsi vitu vinavyopaswa kutengenezwa: kiti kiwe na kimo gani, waya wa umeme uwe na unene gani, mpini wa sufuria ustahimili joto kiasi gani. Kila kitu kina kamati yake, yenye wenye viwanda, wahandisi, wafanyabiashara na wapimaji kama mimi, na rasimu haipiti mpaka wote wafikie muafaka. Mjumbe mmoja akipinga na akashikilia msimamo wake, rasimu imekwama. Lakini katibu haruhusiwi kupinga wala kuunga mkono. Yeye ni wa kuita wajumbe, kutafuta chumba, kuandika muhtasari na kuhakikisha chai imefika. Kwa hiyo kwa miaka yote hii Ngoja Kwanza hakuwa na kura hata moja. Alichokuwa nacho ni chai, na aliitumia vibaya mno.

Katika utumishi wake wote alitaka jambo moja: kwamba kabla kamati yoyote haijaandika neno la kwanza la rasimu, ijiulize kitu hiki kitatumiwa na nani, kinaweza kumuumiza nani, na ni nani kinamgusa lakini hayupo mezani, kisha iende ikamsikilize. Alitaka hilo liwe kifungu katika kanuni zetu, lipite kabla yeye hajaondoka. Leo tunamuaga, na kifungu hakijapita. Nitaeleza ilikuwaje, na kwa nini tunasherehekea hata hivyo.

Yote yalianza na kiti. Wakati huo yeye alikuwa kijana, katibu mgeni mwenye suti moja, na kamati ya samani ilikuwa ikiandaa kiwango cha viti vya kungojea huduma, vile vya hospitali na ofisi za umma. Wakafika kwenye kifungu cha kimo cha kiti wakakwama, maana hakuna aliyekuja na vipimo vya watu. Mjumbe mmoja akapata wazo: kwani sisi si watu? Wakapimana wao kwa wao. Wanaume watupu, wengi wao wahandisi warefu walioshiba vizuri, wakasimama mstari, wakakunja suruali, na katibu akapita na futikamba akiwapima kutoka kisigino hadi nyuma ya goti. Wakatafuta wastani, wakaongeza kidogo kwa ajili ya soli za viatu, wakapigiana makofi. Kiwango kikapita kwa muafaka kamili na viwanda vikachonga viti nchi nzima.

Mwaka uliofuata mkewe alikwenda kliniki akiwa na ujauzito wa kifungua mimba wao. Mimi namwita wifi. Wanafunzi wake wa hesabu wanamwita majina mengine ambayo si ya kuandikwa hapa. Wifi yangu si mrefu. Aliketi kwenye kiti kipya cha kiwango, miguu ikabaki hewani. Akatazama kushoto, akatazama kulia: akina mama safu nzima, matumbo mbele, miguu inaning'inia kama watoto wa chekechea. Walikaa hivyo mpaka mchana. Alirudi nyumbani vifundo vimevimba, na wala hakununa. Aliuliza tu swali la somo lake: "Mume wangu, hicho kiti mlimpima nani?" Mumewe akajibu kwa fahari kwamba walipima watu kumi na wawili. Wifi akauliza: "Na wenye mimba walikuwa wangapi?"

Kaka yangu husema hakuwahi kuona aibu kama ile, na kwamba iliongezeka kila alipokumbuka kuwa futikamba aliishika yeye. Kurekebisha kiwango kile kulichukua muda mrefu, kwa sababu wajumbe walewale waliona viti viko sawa kabisa. Walikuwa wamevikalia.

Ndipo chai ikaingia kwenye historia ya shirika hili. Rasimu ya vizibo vya chupa za dawa ilikuwa tayari kupitishwa. Vilikuwa vizibo imara, vya kubonyeza na kuzungusha kwa pamoja, ili mtoto asifungue. Maabara yangu ilikuwa imevipima na nilijivunia matokeo. Siku ya mkutano katibu akaandaa chai kama kawaida, ila sukari alikuwa ameitia kwenye chupa za dawa, kila mjumbe na chupa yake, na kila chupa na kizibo chake cha rasimu. Kisha akakaa akafungua kalamu.

Mwanzoni walicheka. Halafu wakaacha kucheka. Mwakilishi wa wafamasia alibonyeza mpaka akatokwa jasho. Mhandisi wa plastiki, ambaye ndiye aliyekichora kizibo chenyewe, alidai ya kwake ina kasoro ya kiwandani. Mwenyekiti, mtu wa heshima zake, aligeukia dirisha akadhani hatumwoni, akaifungua kwa meno. Na katibu, kwa kuwa kazi yake ni kuandika yanayotokea, akaandika kwenye muhtasari kwamba sukari ya mwenyekiti ilipatikana kwa meno. Ndipo akasema ngoja kwanza, na akaomba tu kujua, kwa ajili ya kumbukumbu, bibi mwenye vidole vya baridi yabisi atatumia nini iwapo hayo meno hana. Rasimu ikarudishwa. Mkutano uliofuata walialikwa wazee watatu wenye viungo vya kuuma, na mmoja wao aliwaambia wahandisi wale kwamba nyumbani kwake chupa zote za dawa hukaa wazi mezani, kwa sababu akizifunga hazifunguki tena, na wajukuu wanacheza palepale. Kizibo cha kumlinda mtoto kilikuwa kinamwachia mtoto chupa wazi. Nilikuwa nimepima nguvu za plastiki kwa uangalifu mkubwa, na sikuwa nimepima hilo.

Msidhani nilimshukuru. Nilimkasirikia wiki nzima. Na hakuna aliyenipandisha presha kazini kama yeye. Nikimpelekea matokeo ya mpini wa jagi, anauliza: "Dada, umeujaribu kwa mkono wenye sabuni?" Narudi maabara napaka sabuni, jagi linanidondokea mguuni, narudi kwake nachechemea. Nikimpelekea matokeo ya swichi, anauliza asiyeona ataijuaje kama imewashwa. Nikimpelekea jiko, anauliza kuhusu aliyebeba mtoto mgongoni. Kuna siku nilimwambia anitafutie mtu mwenye sabuni, asiyeona, aliyebeba mtoto, nimpime mara moja tumalize. Akanijibu kwamba ni wazo zuri, na akaanza kumtafuta.

Kisa cha njia ya mteremko wengi mnakijua, lakini wageni hawakijui. Kamati ilikuwa imekubaliana juu ya mwinuko wa njia za kuingilia majengo, zile za viti vya magurudumu, na ilikuwa imechagua mwinuko mkali kidogo ili kuokoa nafasi ya kuegesha magari. Ngoja Kwanza akamwomba fundi seremala atengeneze njia ya mbao kwa vipimo vya rasimu, akaiegemeza kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Chai ikawekwa kwenye toroli chini, vikombe vikawekwa juu, na wajumbe wakaombwa wajipandishie chai yao wenyewe. Mwakilishi wa wajenzi, mtu mwenye mabega, akasema hiyo ni kazi ya mkono mmoja. Alifika katikati. Hapo toroli lilibadili mawazo, na kilichofuata ni mwakilishi wa wajenzi kukimbia kinyumenyume akifukuzwa na chupa za chai mpaka kwenye bustani ya maua, ambako alikaa. Alipotolewa alikuwa wa kwanza kupendekeza mwinuko upunguzwe.

Katika mkutano uliofuata alialikwa fundi redio anayetumia kiti cha magurudumu. Alipanda ile njia mpya, akageuka, akashuka, akapanda tena, kisha akaeleza kasoro ambazo hakuna toroli lingeweza kuzieleza: kwamba pale juu hapana mahali pa kusimama wakati unafungua mlango, na kwamba mvua ikinyesha mbao ile ni kifo. Walimsikiliza vizuri mpaka wakamfanya mjumbe. Hilo nalo lilikuwa na gharama yake, maana fundi redio huyo leo ni mjumbe wa kamati nne na kero ya zote nne, na majuzi nilimkuta anabishana kwenye kamati ya chumvi.

Sasa kifungu. Kaka yangu alijua kwamba mambo haya yote yalikuwa yanamtegemea yeye na mbinu zake za chai. Aliwahi kuniambia, na siku hiyo hakuwa anatania, kwamba jambo zuri linalofanywa na mtu mmoja si kiwango, ni tabia yake tu, na tabia ya mtu hustaafu pamoja naye. Aliogopa kwamba siku atakapoondoka, kamati zitarudi kupimana suruali. Kwa hiyo aliandika kifungu chake, aya moja fupi, akakipeleka kwenye Baraza linalosimamia kanuni zetu, ambalo nalo yeye ndiye katibu wake.

Kwenye Baraza alikutana na mwenyekiti wake, ambaye sisi tunamwita Mzee wa Desimali. Profesa huyu wa vipimo amestaafu chuoni lakini hajastaafu kubisha. Alikipinga kifungu mwaka wa kwanza, akakipinga mwaka wa pili, na akaendelea. "Niletee huruma mezani, lakini uje na kipimo chake," alikuwa akisema, na watu wanacheka. Lakini hakuwa mtu mbaya, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alihofia kwamba neno lisilopimika ni mlango wa wajanja: mwenye kiwanda ataandika kwamba amewajali watu wote, atagonga muhuri, na hakuna atakayeweza kumkamata. Wawili hawa walibishana kwenye vikao, kwenye ngazi na kwenye foleni ya chakula cha mchana, na mmoja akiugua mwingine ndiye wa kwanza kwenda kumjulia hali, ili waendelee.

Mwezi uliopita Baraza lilikaa kwa mara ya mwisho kaka yangu akiwa katibu. Ukumbi ulijaa. Mkurugenzi alikuja na mpiga picha, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye kikao cha kanuni. Mzee wa Desimali akasimama, akakohoa, akasema kwamba kwa heshima ya utumishi wa ndugu yake, na ili asiondoke na kinyongo, leo anaondoa pingamizi lake. Kifungu kipite. Iwe zawadi yetu kwake.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mimi nilikuwa nimeketi na watu wa maabara, na sioni haya kusema kwamba machozi yalinitoka, maana nilijua kile kifungu kilikuwa kimemkosesha raha kwa muda gani. Ilibaki mwenyekiti kuuliza kama kuna mwenye pingamizi, na kwa mara ya kwanza tangu kiandikwe, hakukuwa na mwenye nalo.

Katibu alikuwa ameinama anaandika. Akaacha kuandika. Akaisoma tena ile aya yake, midomo ikichezacheza, na nikamwona anakunja uso ule ninaoujua mimi. Moyoni nikasema: jamani, asithubutu.

"Ngoja kwanza," akasema.

Akauliza, aya hii imesomwa na nani zaidi ya sisi tuliomo humu? Hakuna. Akauliza, inazungumzia watu wasiokuwepo mezani: wangapi kati yao wameulizwa kama inawatosha? Hakuna. Akasema yeye ndiye aliyeiandika, peke yake, mlango umefungwa, na kwamba anaona haya, kwa sababu inaelekea ameketi tena na futikamba akajipima mwenyewe. Na tena hataki ipite kwa kuonewa huruma. Zawadi haifungi kamati yoyote, akasema. Kesho akiondoka watu watasema ile aya ilikuwa ya kumuaga mzee wetu, na hawataisoma.

Mkurugenzi, uso umemshuka, akamsihi: "Ndugu yangu, si upokee tu?" Mpiga picha akashusha kamera. Watu wa maabara tukaanza kunung'unika, na mimi nilinung'unika kuliko wote. Kisha mjumbe mmoja wa wenye viwanda, mama mtaratibu sana, akanyoosha mkono na kukumbusha kanuni: katibu hana kura. Pingamizi lake haliwezi kuandikwa. Kwa mujibu wa kanuni hakuna aliyepinga, na kifungu kinaweza kupita sasa hivi, apende asipende.

Ilikuwa kweli. Kaka yangu alibaki ameshika kalamu, mtu aliyekaribia kupewa kila alichokitaka na asiyekuwa na uwezo wa kukizuia.

Mzee wa Desimali alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa. "Basi andika," akamwambia. "Mwenyekiti anapinga. Sababu ni hizohizo za katibu." Na akaongeza kwamba hakuwa anarudi kwenye pingamizi lake la zamani. Lile la zamani lilisema jambo hili halina kipimo. Sasa ameona kipimo chake: nenda kamuulize anayehusika, kisha uandike alichosema na ulichokifanya baada ya kusikia. Hilo linahesabika, linakaguliwa, na mjanja atakamatwa nalo. Lakini lazima tuanze na kifungu chenyewe. Kiende kliniki, kiende viwandani kwa wanaoshika mashine, kiende shule ya wasioona, kiende kwa wanaotumia viti vya magurudumu, na kirudi na maneno yao.

Kwa hiyo katibu akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kifungu chake hakikupita. Alikuwa anatabasamu huku machozi yakimdondokea kwenye muhtasari. Ukurasa huo hadi leo una mabaka. Miaka yote alitafuta mtu mmoja mwenye kura ambaye angesimama kusema maneno yale bila kusukumwa na chai, na akampata kwa adui yake mpendwa, siku ambayo ilimgharimu zawadi yake.

Maoni yameanza kuingia, na si ya kumbembeleza mtu. Wauguzi wanasema aya ni ndefu. Mafundi wanasema ni fupi. Walimu wa shule ya wasioona wameuliza kwa heshima kwa nini imetumwa kwao kwenye karatasi ya kawaida, na Mzee wa Desimali, aliyeituma, ameshinda siku mbili bila kumsalimu mtu. Kitakachorudi hakitafanana na kilichoondoka. Huenda kikapita mwakani, na huenda kikachukua muda zaidi, na wakati huo kaka yangu atakuwa nyumbani anamrekebisha wifi, Mungu amsaidie.

Tunamshukuru kwa viti ambavyo sasa miguu inafika chini, kwa vizibo, kwa njia zinazopandika na kwa jagi lililonivunja kidole. Tunamshukuru wifi yetu kwa swali lake na kwa kumvumilia mtu ambaye, nimeambiwa, husimama dukani mbele ya kopo la maziwa akifikiria mkono wa nani utalifungua. Wanao, kaka, hawatakuwa na kazi nyepesi.

Na kwa kuwa umeanza likizo yako na hukuwepo juzi, nikupe habari. Kamati ya ngazi za kukunja ilikaa bila wewe. Chai ilikuwa ya kawaida, sukari kwenye bakuli. Nilikwenda nikiwa na hofu, na nilikaa nyuma kuona kama watapimana suruali. Kabla ya ajenda ya kwanza, mwenye kiwanda cha ngazi, yule anayetazama saa kila mara, aliuliza: "Wanaozipanda hizi ni akina nani, na mbona hatujamwita hata mmoja?" Wakatajana: wapaka rangi, wenye maduka, wakutubi. Wakabishana nani aanze kuitwa. Tukatoka bila kupitisha hata kifungu kimoja, na hakuna aliyelitaja jina lako, kaka, maana hakuna aliyekumbuka kwamba lile swali lilikuwa la kwako. Nimekuletea hilo liwe zawadi, kwa sababu hii huwezi kuirudisha.

Upumzike vizuri, uamke saa utakayo, na maisha yawe mema kwako na kwa wote wa nyumbani mwako.